Mtoto Ambaye Mtaa Uliacha Kumwita

Nilimwahidi dada yangu kwamba hakuna mtu atakayemwadhibu binti yake kwa mkono maadamu mtoto huyo yuko chini ya uangalizi wangu. Alinitaka niyatamke maneno hayo jikoni kwake, katika fleti yao ya Ganjoni, nami niliyatamka bila kusita, kwa kuwa ndivyo nilivyoamini na ndivyo nilivyofunzwa chuoni nilikosomea malezi ya watoto wadogo. Dada hufanya kazi Shimanzi na hutoka jua likikaribia kutua. Binti yake, mwenye umri wa miaka sita, hutoka shule mapema; tuktuk humleta Mji wa Kale kwa bibi yetu, ambako mimi naishi, akakaa nasi hadi mamake aje kumchukua.

Nilipoahidi nilikuwa nimekisahau kichochoro chetu. Hapa mtu mzima yeyote humkanya mtoto yeyote. Mimi mwenyewe nilifinywa na wanawake ambao hatuna nasaba nao, na nilipofika nyumbani nikilia, nilifinywa tena kwa kosa la kuwasumbua watu wazima hadi wakanifinya.

Alasiri moja mtoto alitoka mbio mlangoni akikimbiza mpira, na pikipiki ikampitia karibu sana. Jirani yetu wa mkabala, mama wa makamo anayekaanga bhajia barazani kwake, aliacha karai lake, akamvuta, akamfinya paja, kisha akamrudisha ndani kwa bibi. Bibi alimshukuru. Dada aliiona alama ya kufinywa wakati wa kumwogesha, akanipigia simu.

"Si uliniahidi?"

Kesho yake nilikwenda kwa jirani. Wanawake wawili walikuwa wameketi naye.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, msomi wetu. Bhajia hazijaiva."

Nilimshukuru kwa kumwokoa mtoto. Kisha nikamwomba, kwa adabu zote nilizonazo, kwamba siku nyingine amkanye kwa maneno bila kumfinya.

"Kwa maneno," alisema. "Na ile pikipiki ingengoja nimalize kusema?"

Wenzake walicheka.

"Wewe nilikufinya mara ngapi?" akaendelea. "Au ndizo zilizokuzuia kurefuka?"

Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa nilistahili. Lakini nilisimama palepale, nikarudia ombi langu, nikaeleza kwamba ni agizo la mamake. Hapo aliacha mzaha. Aligeuza bhajia zake, kisha akasema, "Basi. Mtoto ni wa mamake. Tumesikia, baba."

Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba jambo gumu limemalizika kwa upole. Nililolianza sikulitambua mara moja, kwa sababu lilikuja kama utulivu. Karibu na magharibi bibi hutuma sahani ya chakula kwa jirani, imefunikwa kawa, na mpelekaji huwa ni mtoto. Siku chache tu nyuma, jirani alikuwa akimrudisha mlangoni aanze upya ikiwa ametoa salamu akikimbia. Alikuwa akimfunga mtandio vizuri, akimuuliza amesoma nini, akimtilia kashata mkononi. Sasa aliipokea sahani, akasema ahsante, basi. Mtoto alijaribu kuingia bila salamu yoyote, kwa makusudi nadhani, na hakuna aliyemrudisha.

"Mjomba," aliniuliza, "nimefanya nini?"

Nilimwambia hajafanya kitu. Ilikuwa kweli, wala haikumsaidia.

Kisha ikafika siku aliyopotea. Mimi nilidhani yuko juu na bibi. Bibi alidhani yuko chini nami. Nilipotoka kumtafuta, kila niliyemuuliza alikuwa amemwona, na hakuna aliyemwita, kwa kuwa ombi langu lilikuwa limeenea kichochoro kizima. Fundi cherehani alijua amevaa viatu vya ndani. Mwenye duka alijua amepinda kushoto. Nilimkuta kwenye barabara kuu, amekamatwa kifundo cha mkono na muuza matikiti ambaye hakumjua yeye wala sisi. Mtoto alikuwa akielekea Ganjoni kwa miguu, kwao.

"Amelia sana," alisema yule mtu, kama anayeomba radhi, "lakini sikumwachia."

Niliporudi naye nilisimama mbele ya jirani. Sauti yangu haikuwa ya adabu tena.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Nikasimama nimwite. Nikakumbuka maneno yako, nikakaa." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Angegoma ningemshika. Ningemshika, ungekuja tena."

Nilitaka kumwambia kwamba kumwita si kumfinya, kwamba mwanafunzi yeyote wa chuoni kwetu angeiona tofauti hiyo. Lakini je, kwake ni mambo mawili? Yeye alipewa ruhusa moja, nzima, na watu waliomlea, nami nilikwenda kuikata kipande nikitarajia kilichobaki kiendelee kufanya kazi.

Usiku nilimweleza bibi. Bibi hunitania kwa kuniita mume wake, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Mume wangu," alisema, "mimi utotoni nilikuwa nikila nyumba yoyote njaa iliponikuta. Ulalapo ndipo kwenu."

"Na walikupiga?"

"Wote," alisema akicheka. Kisha kicheko kikaisha, akawa anaitazama mikono yake.

Dada naye sikuweza kumlaumu. Alipokuwa na umri wa miaka minane alisingiziwa kuvunja kioo cha duka. Alipigwa na mwenye duka, na mpita njia, na mama yetu, na baadaye ikajulikana kwamba si yeye. Anasema kichochoro kizima kilikuwa na mikono ya kumpiga na hakikuwa na hata mdomo mmoja wa kumuuliza. Sasa anataka kumwacha binti yake ndani ya fleti na msichana wa kazi na televisheni, mlango umefungwa. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nimwambie kama Mji wa Kale ni salama, na sijui jibu lake.

Jana nilirudi kwa jirani. Nilimwomba amwite mtoto, amshike mkono, amrudishe atoe salamu upya, amkemee, ila asimfinye.

"Na nikisahau, baba? Mkono hauna masikio."

Nilinunua bhajia, nikasimama nikizila zikiwa moto.

Nawe unayesoma, ikiwa unaishi kwenye mtaa wenye watoto wa wenzio, nakuomba: ukimwona mmoja wao akielekea barabarani peke yake, mwite.