Moto Uliorudi Wenyewe

Mume wangu alipoleta jiko la umeme kwetu Nyamirambo, mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ndera. Mimi na mama huyo tulizoea jiko la mkaa. Mama mkwe akabandika maharage, na mara umeme ukakatika. Tulingoja sahani ya jiko ipoe. Mimi mwenyewe niliigusa, ilikuwa baridi.

"Moto umekufa," akasema. Akaepua sufuria, akaweka beseni la plastiki pale juu, tukatoka uani kuchambua mchele.

Tuliporudi, moshi ulikuwa umejaa jikoni. Mama mkwe alilivuta lile beseni, likamuunguza vidole.

"Mkwe, umewasha ili uniunguze?"

"Mama, si tulikuwa wote uani?"

"Basi nani kawasha?"

Mkaa ukizimika hauwaki tena mpaka mtu auwashe. Umeme ulikuwa umerudi, na swichi ilikuwa palepale alipoiacha yeye, imewashwa, lakini na mimi niliiona nikapita, kwa hiyo simlaumu. Nikamwagia vidole maji baridi, nikazima swichi, nikachomoa waya ukutani. Akautaka ule waya, mtu asije akauchomeka tena. Alikaa ameushika mpaka mwanawe aliporudi kutoka kazini. Kama aliniamini kwamba si mimi niliyewasha, mpaka leo sijui.