Salfeti na Salfaidi Wabatizwa

Mwaka wa hamsini na sita, Awuor alijifungua mapacha wa kike mjini Nakuru. Majina ya nyumbani hayakuwa na mjadala: wa kwanza Apiyo, wa pili Adongo, kama ilivyo desturi ya mapacha kwao. Ya ubatizo ndiyo yaliyomkosesha usingizi mumewe, Owuor, mwosha chupa katika chumba cha kupimia dawa kwenye kiwanda cha pareto. Akina Maria na Marita walikuwa wamejaa mtaani. Yeye alitaka majina mapya kabisa, na akayapata kwenye chupa alizokuwa akiosha.

"Salfeti na Salfaidi," alimwambia mkewe. "Hili la pili husikii? Ndani yake kuna kufaidi."

Mchungaji Khaemba alipoyasikia, aliweka kalamu chini. "Sibatizi jina nisilojua maana yake. Niletee maana."

Owuor akamwendea Kipkorir, mpimaji wa dawa. Kipkorir akamweleza kwamba yote mawili yanatokana na kiberiti. Si hiki cha kuwashia moto, bali ule unga wa manjano unaotiwa kwenye dawa ya kondoo. Kiberiti kikiungana na shaba, kwa mfano, bila oksijeni, hiyo ni salfaidi. Oksijeni ikiingia humo, hiyo ni salfeti.

"Kumbe ni ndugu!" Owuor akafurahi, akaomba kidogo cha kila kimoja. Kipkorir alimpa vichupa viwili, akamwonya asifungue cha salfaidi.

Jumapili, Owuor aliipeleka maana kanisani. Salfeti ilikuwa chembe za buluu zinazong'aa, na wazee wakapokezana wakisema hakika ni jina zuri. Kisha akang'oa kizibo cha salfaidi.

Kanisa zima likanuka mayai viza. Watu wakatazamana. Mzee Wamalwa akasimama na kuapa mbele ya madhabahu kwamba si yeye. Kwaya ilimalizia wimbo ikiwa nje.

"Owuor," mchungaji akasema, kitambaa puani, "umpe mtoto jina la uvundo?"

"Mchungaji, Lazaro je? Si alinuka kaburini, na jina lake mnabatiza kila mwaka?"

Mchungaji alifungua Biblia, akasoma kimya, akaifunga.

"Wabatizeni," Awuor akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wana njaa."

Wakabatizwa uani, upande unakotoka upepo, wote wawili. Owuor alilia kwa furaha. Wengine walilia kwa macho kuwasha.

Wiki iliyofuata, jirani mmoja alimjia akiuliza kama kule kazini hakuna chupa ya mtoto wa kiume. Owuor akaahidi kuuliza. Kipkorir alipomwona anakuja anatabasamu, akafunga mlango kwa ndani.