Shikamoo ya Halfani

Hapakuwa na mtu aliyeamkiwa kama Halfani katika mji ule wa Ugogo, na hapakuwa na mpweke kumshinda. Akikatiza sokoni na tarbushi yake kichwani, wazee waliotosha kuwa babu zake walimwambia, "Shikamoo, bwana," huku wakitazama vidole vya miguu yao. Naye aliwajibu, "Marahaba," bila kusimama. Akishapita, maongezi yalirudi. Miaka mitatu ilipita pasipo mtu kumwuliza ameamkaje.

Halfani alikuwa polisi wa Mjerumani, na kazi yake ilikuwa kiboko. Bwana mkubwa akitamka "hamsa ishirini," mkosaji alilazwa kifudifudi uani, naye Halfani akampiga mapigo ishirini na tano, akihesabu kwa sauti kubwa. Alimpiga aliyetoroka kazi ya reli, aliyechelewa kufagia barabara, na hata aliyemtazama bwana mkubwa kwa jicho ambalo bwana mkubwa hakulipenda.

Mwaka wa tatu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka wenyewe. Kibuyu cha maji alikishika kwa mikono miwili. Akisikia wanawake wakitwanga uwele, alijikuta anahesabu mapigo ya mchi, na yakifika ishirini na tano jasho linamtoka.

Angemwambia nani? Ombasha Shaaban, mkubwa wake, alipouona ule mkono alicheka.

"Dawa ya mkono ni kazi, bwana. Wewe sema moyo unakuuma, uone kama hutalazwa hapo chini mwenyewe."

Halfani akacheka naye, kwani afanyeje? Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio cha askari kilikuwa bado hakijapata pa kutokea.

Akaomba ruhusa ya siku kumi aende kwao Kondoa. Alisema mama yake mgonjwa. Uongo mtupu, mgonjwa alikuwa yeye. Alichokitaka kilikuwa kidogo hata aibu kukitaja: apige goti mbele ya mama yake, Mwanahawa, amwambie shikamoo, naye ajibiwe, "Marahaba, mwanangu." Tangu aingie boma hakuwahi kumwamkia mtu hivyo. Wazungu aliwapigia saluti, na waliobaki wote walimwamkia yeye. Aliamini kwamba akiisikia ile "mwanangu" mara moja tu, mkono utatulia.

Alitembea siku nne. Angeweza kuvaa kanzu kama watu wengine, lakini ujana nao una ujinga wake. Alivaa sare, akang'arisha vifungo, ili mama aone kwamba mwanawe amekuwa mtu. Hakufikiri kwamba mwezi uleule polisi walikuwa wakizunguka vijijini kukamata watu wa kupeleka kazi ya reli. Wala hakujua kwamba macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu.

Alisikia michi ikitwanga kabla hajaziona nyumba. Mara ikanyamaza. Alipoingia uani kwao alikuta kinu kina uwele ndani, chungu kinatokota mekoni, na watu hakuna. Akapiga hodi. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kuhesabia viboko.

Akatokea mwanamke mzee akipapasa ukuta. Yeye hakukimbia, maana hakuona pa kukimbilia. Akapiga magoti vumbini, akainamisha kichwa kuelekea kule viatu vilikokuwa vikilia.

"Shikamoo, bwana."

Na mdomo wa Halfani, kwa jinsi ulivyozoea, ukajibu kabla ya mwenyewe:

"Marahaba."

Halfani alisikia alichokisema. Akaanguka mbele ya mzee yule, tarbushi ikabingirika majivuni.

"Mama, ni mimi! Ni Halfani. Shikamoo. Shikamoo, mama."

Mwanahawa alinyoosha vidole, akamgusa paji la uso, akagusa kovu dogo juu ya nyusi ambalo mwenyewe alilitibu kwa majani siku mtoto alipoanguka. Alimjua. Vidole vikashuka, vikapita juu ya vifungo vya shaba kimoja kimoja, vikafika kwenye mkono wa kulia. Akaushika. Ulikuwa ukitetemeka.

"Marahaba," akasema.

Halfani akangoja neno lililobaki. Alingoja mpaka chungu kikafurika, moto ukafuka moshi.

"Umekuja kumchukua nani?" mama yake akamwuliza.