Ugumu wa Chuma si Uimara Wake

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, majumba mapya yakijengwa Ng'ambo, nami kijana wa miaka ishirini na mbili, mhunzi katika karakana ya Mzee Vuai. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiona nimefuzu. Na kujiona, Mungu atuepushe, ni maradhi yasiyouma mpaka yakushinde.

Msimamizi wa ujenzi alituagiza kulabu ya kupandishia ndoo za zege. Siku hiyo Mzee Vuai alikuwa na maziko Mtoni. Kabla ya kuondoka alinionyesha vipande vya nondo kuukuu tulivyokuwa navyo, akasema:

"Khamis, usifue kitu kabla hujakijaribu. Kitie alama kwa patasi, kivunje kikiwa baridi, utazame ndani yake."

"Naam, mzee," nikamjibu.

Alipokwenda zake, nilivikwaruza vipande kwa tupa. Kimoja kilikuwa kigumu kuliko vingine vyote. Nikasema moyoni, kigumu namna hii nikivunje cha nini? Nikakitia motoni. Kilipokuwa chekundu kilifuata nyundo kama unga uliokandwa vizuri, kikakunjika bila ufa. Mzee aliporudi alikuta kulabu imeshachukuliwa. Akaniuliza kama nilikijaribu chuma. Nikasema, "Nshakijaribu." Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo.

Siku ya tatu, asubuhi yenye ubaridi, kamba iliteleza kwenye kapi. Ndoo ilishuka ghafla, kisha kamba ikakaza kwa kishindo. Kulabu haikupinda hata kidogo. Ilikatika, na ndoo nzima ikamwangukia Makame, kibarua kutoka Kiwengwa, ikamponda mguu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima. Lililovunjika ni la mwenzangu.

Msimamizi alituletea vile vipande viwili. Mahali palipokatika palikuwa na punje kubwa zinazong'aa, kama chumvi ya mawe.

"Nani kaifua hii?" akauliza.

"Chuma kilikuwa kibaya, bwana," nikawahi kusema.

Mzee Vuai hakunikemea mbele ya mgeni. Msimamizi alipotoka, alikaa juu ya gogo, akasema:

"Chuma hakina ulimi, Khamis. Wewe unao. Ungekivunja kingekwambia hali yake. Umekinyima kusema, na sasa unakisingizia. Nenda kwa mwenye mguu."

Nilikwenda hospitali. Mke wa Makame, Bi Mwanaisha, aliniitikia salamu kwa upole, kwani hakujua nimefuata nini. Nilipoeleza, alijifunika uso kwa kanga. Makame hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Huko kukijaribu kungekuchukua muda gani?"

"Kama wa kunywa kikombe cha kahawa," nikasema.

Akageukia ukutani. Kutoka hapo nilikwenda kwa msimamizi, nikamwambia kosa lilikuwa langu.

Makame hakupanda tena jengo. Alitembea kwa mkongojo, akajifunza kushona viatu. Miaka yote aliniitikia salamu zangu, wala sikumdai zaidi ya hapo.

Miaka ya sabini ilipoanza nilipelekwa bara kusomea ufundi. Mwalimu wetu alisugua kipande cha chuma mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali, akatutazamisha kwa hadubini. Niliona punje zimebanana kama mawe ya ukuta. Akatueleza habari za fosforasi. Katika chuma chenye kaboni kidogo, fosforasi kidogo hujipenyeza ndani ya punje na kukitia chuma nguvu. Hata husaidia kuizuia kutu. Ikizidi, punje hukua na kukataa kupinda, na fosforasi nyingine hujikusanya mipakani, baina ya punje na punje, ikaulegeza mshikamano wa punje hizo. Chuma hicho motoni ni kitiifu. Kikipoa, kikapata mshtuko, hukatika. Mzee Vuai hakulijua jina hilo, lakini kazi ya fosforasi alikuwa akiisoma kwa macho matupu. Wenzangu waliandika madaftarini. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, machozi yakinitoka.

Mwanangu, usipime kitu wala mtu kwa ugumu wake. Mpime kwa atakavyofanya siku ya mshtuko. Ukiambiwa ujaribu, jaribu, japo unajua kazi kunishinda mimi. Na ukikosea, usingoje kuulizwa mara mbili. Majuto ni mjukuu, lakini kweli haichelewi kusemwa.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono yenye hadhari na ulimi usioiogopa kweli. Akuepushe na kuumia, na akuepushe zaidi na kumuumiza mja wake kwa uzembe. Amin.