Mtuhumiwa Nyumbani kwa Sachi

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Sachi, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo: kuwasachi wanawake wanaotoka zamu, mmoja mmoja, ndani ya kibanda cha mabati kando ya geti, asije mtu akaondoka na mashati mawili chini ya sketi. Miaka minane ya kazi hiyo ilikuwa imemfanya awe chonjo kupita kiasi. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu mno, alimpekua mara mbili. Akimsalimia kwa unyonge, mara tatu.

Getini kulikuwa na daftari la matukio, na katika walinzi wote hakuna aliyeliandika vizuri kama yeye. Tarehe, saa, tukio, hatua iliyochukuliwa. Mkuu wa walinzi alikuwa amemfundisha siku ya kwanza kwamba kitu kikipotea asihangaike kuuliza kimekwenda wapi, aulize nani aliingia. Sachi aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Maana safari hii kilichopotea hakikuwa shati. Ilikuwa hedhi yake. Ilipotea miezi mitatu, ikarudi siku mbili, ikapotea tena minne. Kila ilipochelewa alinunua kipimo cha mimba na moyo ukimdunda, na kila mara alikutana na mstari mmoja tu, mkavu, usio na habari. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, miaka sita ndani ya ndoa, na alitaka mtoto kuliko kitu chochote. Sasa alikuwa na hakika kuna mtu anamzuia.

Nani aliingia? Jibu lilikuwa limelala chumba cha pili. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, mdogo wake wa kike wa mwisho, ambaye tangu utotoni alimwita Kitinda tu, alihamia kwake baada ya kupata kazi katika duka la fotokopi. Wazazi wao walikwisha kufariki. Katika tumbo lile walibaki wao wawili, na ungedhani jambo hilo lingempunguzia Sachi shaka. Wapi! Siku Kitinda alipofika, Sachi alimkumbatia kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akafungua zipu ya begi lake. Hakufanya kwa ubaya. Mikono ilikuwa imezoea. Kitinda alisimama pale sebuleni akitazama nguo zake za ndani zikikunjuliwa mbele ya shemeji yake.

Sachi akanunua daftari la kwake, jipya, akalificha chini ya godoro. Akaliandika kama lile la getini. "Tarehe nne, saa kumi na mbili asubuhi. Tukio: nywele tatu ngumu kidevuni. Hatua: zimeng'olewa." Wiki mbili baadaye: "Nywele zimerudi, sasa tano. Moja juu ya mdomo." Halafu: "Sare imekataa kufunga kifungo cha kiunoni. Chakula ni kile kile." Halafu: "Shingo nyuma imekuwa nyeusi. Nimesugua kwa dodoki hadi ikauma. Haitoki." Chunusi za taya nazo zilipewa ukurasa wao, kama za wasichana wa kidato cha pili. Na chini ya kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu: "Mtuhumiwa: K. Anachunguzwa."

Ushahidi haukukosekana, ukishaamua kuutafuta. Kitinda ndiye aliyepika chai ya asubuhi. Kitinda alijifungia bafuni nusu saa nzima na bomba hukulisikia likimwaga maji. Kitinda aliacha kumtazama usoni. Sachi akaanza kubadilisha vikombe kwa siri, chake akampa mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole anayekunywa chochote kilicho mbele yake. Alimchunguza wiki mbili. Mume akanenepa kidogo, na hilo nalo likaandikwa.

"Mke wangu, mbona unanitolea macho hivyo nikinywa chai?" mume akauliza.

"Kunywa tu. Unajisikiaje?"

"Najisikia natazamwa."

Jumanne moja asubuhi, yeye akiwa wa zamu ya mchana na Kitinda amekwisha kwenda kazini, Sachi aliingia chumba cha pili, akapekua begi kama anavyojua yeye, kuanzia mishono. Ndani ya soksi akakuta kibano na karatasi ya vidonge vyeupe, vikubwa, nusu vimekwisha. Akavipeleka duka la dawa.

"Hivi ni vya sukari," muuza dawa akasema. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi mrudishie mwenyewe."

Hakuna mgonjwa, lakini vidonge nusu vimekwisha! Sasa vimekwenda wapi kama si kwenye chai? Jioni ile hakungoja hata watu wamalize kula. Akavitupa mezani.

"Unaniwekea hivi tangu lini?"

Kitinda alivitazama vidonge, kisha akamtazama dada yake. "Dada, umepekua begi langu?"

"Jibu swali."

"Umeshanihukumu. Nijibu nini?"

"Jumapili nisikukute hapa."

"Muulize vizuri," mume akasema kwa upole. "Ni mdogo wako."

"Na wewe nani kakutuma?"

Mume akarudi kwenye sahani yake. Kitinda alinyanyuka, akaosha vyombo vyote, akaingia chumbani kwake. Sachi alitegemea machozi au matusi, kwa sababu wezi wote aliowakamata walitoa kimojawapo. Ule ukimya ulimkera hadi kesho yake.

Alhamisi alikwenda kliniki na daftari kwapani na vidonge ndani ya bahasha. Alitaka damu yake ipimwe, sumu ionekane, apewe karatasi yenye muhuri. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Sachi alikisoma kwanza cheti kilichotundikwa ukutani, jina na mwaka, akakilinganisha na kitambulisho kifuani, ndipo akakaa.

Alieleza kila kitu. Daktari alisikiliza bila kucheka, ingawa kwenye habari ya vikombe alijikuna pua muda mrefu. Kisha akaomba daftari. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akashusha miwani, akasoma yote hadi mwisho.

"Nani alikuandikia haya?"

"Mwenyewe. Kwani yana kosa?"

"Hayana. Wagonjwa wengi nawauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, wananitajia sikukuu. Wewe una hadi saa." Akafunua tena. "Ila umeanza kuandika mwaka jana tu. Kabla ya hapo hedhi ilikuwaje?"

"Kawaida."

"Kawaida ya kila mwezi?"

Sachi akarudisha akili nyuma. Tangu avunje ungo hedhi yake ilikuja ilipotaka, mara tatu au nne kwa mwaka. Shuleni wenzake walimwonea wivu, naye akajiona ana bahati. Baada ya kuolewa hakuhesabu. Alidhani kila mwanamke ana utaratibu wake. Na ndevu? Ya kwanza aliing'oa akiwa na miaka ishirini na mbili, akasahau. Kitinda wakati huo alikuwa msichana mdogo wa shule, mbali kabisa na chai yake.

"Ilikuwa hivi hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu zamani."

"Basi mtu wako hakuingia mwaka jana, dada. Alikuwemo."

Daktari akamweleza taratibu. Hedhi zinazorukaruka, nywele za kidevuni, chunusi, uzito, ule weusi wa shingoni ambao si uchafu wala hauondoki kwa dodoki: vyote pamoja vilimfanya afikirie tatizo la homoni ambalo wengi wanalijua kwa herufi nne tu, PCOS. Mayai hayapevuki kwa wakati, na mara nyingi ovari huonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo.

"Lakini leo sikuandikii jibu," akasema. "Tutapima homoni, tezi ya shingo na sukari, maana yapo mengine yanayofanana na hili. Jumatano utafanya ultrasaundi."

"Na mtoto?" Swali lilimtoka Sachi kabla hajalipanga.

"Wengi wenye hali hii wanazaa, wengine kwa kusaidiwa na dawa. Sikuahidi, lakini mlango haujafungwa. Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye dalili kama zako? Mara nyingi hutembea kwenye familia. Na hivi vidonge si vya kisukari peke yake. Hata mimi nawaandikia wagonjwa wa hali hii."

Sachi akavitazama vile vidonge juu ya meza ya daktari. Nusu saa bafuni bila maji. Kibano cha kung'olea nywele, ndani ya soksi. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake, na hakukuwa na wa kumlaumu.

Nyumbani alimkuta Kitinda anakunja nguo. Sachi alisimama mlangoni, mara hii hakuingia.

"Una PCOS," akasema.

Kitinda hakuacha kukunja. "Tangu nina miaka kumi na tisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja hapa nikuambie. Nilikuona kidevu siku ya msiba wa mama, nikajua na wewe unayo. Nikapanga, nikifika tu, tutakaa tuongee." Akaikunja blauzi moja mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. "Ukafungua begi langu kabla sijakaa. Nikaona huyu nikimwambia nina ugonjwa, atataka kuona risiti."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe, Dada. Lakini Jumapili naondoka, nitakaa na mwenzangu wa kazini. Siwezi kuishi nyumba ninayopekuliwa."

"Na Jumatano? Kwenye kipimo?"

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakuja."

Jumapili akaondoka kweli. Mume alimbebea begi hadi kituoni, akarudi peke yake.

Jumatano saa tatu kasoro kumi Sachi alikuwa kwenye benchi la kliniki, kibofu kimejaa maji kama alivyoagizwa, magoti kayabana. Saa tatu ikafika. Saa tatu na dakika tano. Alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Hatakuja, akajiambia. Aliniambia vile ili niondoke mlangoni. Atakuwa anacheka na huyo mwenzake, na kama anacheka ana haki. Muuguzi akatoka, akamwita. Sachi akaomba dakika mbili. Muuguzi akamtazama jinsi alivyobana miguu, akampa moja.

Mlango ukafunguliwa, Kitinda akaingia mbio, shati limelowa jasho mgongoni.

Sachi alikuwa na maswali manne tayari: mbona umechelewa, umepitia wapi, ulikuwa na nani, kwa nini hupokei simu. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akayameza moja baada ya jingine, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Naogopa," akasema.

"Najua," Kitinda akasema, akamshika mkono. "Twende."