Damaris Anapita Nyuma ya Kochi

Kwa watu wa mji wa Barranquilla, spika isiyotikisa mtaa si spika. Basi Eustorgio naye akachagua mbili ndefu kama kabati akaziweka nyuma ya kochi, wakati za mbele zilikuwa ndogo tu. Alichotaka ni kumsikia marehemu mkewe, Damaris. Mtoto wao aliwahi kumrekodi akiimba huku anazunguka uani na ngoma yake, maikrofoni zimewekwa pande zote.

Yeye na muuzaji aliyezileta wakawasha. Mbele alikuwa Damaris kabisa, ila alipopita nyuma sauti ikawa nzito.

"Huyu nani tena?" Eustorgio akauliza.

"Si nilikwambia, mzee wangu," akacheka Yadira, yule muuzaji. "Ukitaka abaki yuleyule, spika zote ziwe aina moja."

"Na vispika vidogo hivyo, majirani wataniona nimefulia."

"Kwani unawanunulia majirani au unamnunulia mama?"

Mzee akainuka. Akaziondoa kabati zake mwenyewe, na Yadira akaweka nyuma ndogo kama zile za mbele.

Sasa Damaris aliimba mbele, akapita ubavuni, akaenda nyuma, na bado ni yeye, mpaka pumzi zake. Eustorgio akageuka haraka, mkono ameshaunyoosha, akakuta ukuta tu. Akamwomba Yadira arudishe mwanzo, na safari hii hakugeuka.