Pompi Niliyoiacha Ichakae

Siku ya kwanza nilipoingia garaji ya Serikali pale Kasongo, hawakunipa ufunguo wa nati wala nyundo. Chef wa garaji, Mbelgiji mnene mwenye makovu ya kuungua kwenye mikono yote miwili, alinisimamisha mbele ya kamiyo, lori la mizigo, iliyokuwa ikinguruma, akaniinamisha hadi uso wangu ukakaribia feni.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Motere, Bwana."

"Motere kila mutu anaisikia. Sikia pompi."

Sikusikia kitu. Aliniacha pale asubuhi nzima, na kesho yake tena, mpaka siku ya nne nikaitambua chini ya ngurumo sauti nyembamba, kama kisu kinachopita juu ya jiwe. Pompi ya maji ndiyo inayosukuma maji kutoka radiateri kwenda kupoza motere. Ikifa, maji yanachemka, na baada ya maji chuma chenyewe kinapasuka. Katika kamiyo za wakati ule, pompi na feni zilishika mti mmoja wa chuma. Mti huo ulizunguka ndani ya pete ya shaba, na kamba yenye mafuta ilizungushwa pale ili maji yasipenye. Pete ikilika, mti unayumba. Mti ukiyumba, maji yanavuja, na usipoangalia feni inakwenda kukata radiateri. Ninyi vijana mnanunua pompi mpya, mnafunga, mnaondoka. Sisi tulifundishwa kuitengeneza kwa ngozi, nyuzi na mafuta ya mbuzi, kwa sababu pompi mpya ilitoka Ulaya kwa meli na ilifika ilipopenda.

Tangu siku zile sikio langu halikupata kutulia. Hata nikila, chombo chochote kikilia karibu nami, nilikuwa natafuta kasoro yake.

Baada ya miaka mitano nilipewa barua ya kwenda Kabambare kuwa shoferi wa kamiyo moja tu ya Teritware, wilaya ya wakati ule. Ilibeba barua, mchele, pamba, askari, na Bwana Administrata, mkubwa wa Teritware, mwenyewe anapokwenda kuhesabu watu vijijini. Administrata huyo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye homa zisizokwisha, na kila kitu alikiandika. Mwaka wa pili pompi ilianza kutoa machozi. Nikaenda ofisini kwake, kofia mkononi.

"Bwana, pompi ya maji imelika. Tunaomba ingine."

Hakuinua macho. "Bajeti imeisha. Ngoja mwaka kesho."

"Mwaka kesho iko mbali, Bwana. Itakufa njiani."

"Weye ni shoferi ao ni nabii? Ongeza maji, endesha."

Nikaongeza maji. Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Nilijua kuitengeneza pompi ile. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini neno lile la nabii lilinichoma. Nikajiambia: sitaigusa. Iache ife siku atakapokuwa amekaa pembeni yangu na kofia yake nyeupe, katikati ya pori, jua la saa sita, ndipo atajua nani alikuwa nabii. Nilisema hivyo sokoni mbele ya watu, tukacheka. Nikawa natembea na madebe mawili ya maji nyuma, na kila safari nilisikiliza chuma kile kikizidi kulia, nikingoja. Wiki zikapita. Yeye akawa anasafiri kwa baiskeli na kwa tipoy, kile kiti cha kubebwa mabegani na watu, kamiyo akaniachia na pamba yake.

Jirani yangu Kabambare alikuwa Muganga Augusti, mtu wa Nyangwe, infirmie, yaani muuguzi, wa dispanseri. Alikuwa peke yake kwa nchi nzima ile, akizunguka kwa baiskeli mpaka kwenye mashimo ya madini. Asubuhi moja mke wake, Mama Feza, alikuja mbio bila kilemba, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Baba Zaina, njoo! Augusti anakufa."

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, jasho likimtoka, saa yake ya mfukoni imefunguliwa pembeni.

"Ni ngiri," akasema polepole. "Utumbo umetoka, umenaswa. Nimejaribu kuurudisha, umekataa. Umenaswa tangu alfajiri. Docteur wa Kasongo akinipasua leo mbele ya magaribi, nitapona. Kesho, hapana."

Alisema kama anavyosema juu ya mgonjwa mwingine. Kisha akaniangalia.

"Administrata hayuko. Hauna karatasi ya safari. Minajua watakufanya nini. Sikulazimishi, ndugu yangu."

Nilikwenda kuwasha motere. Karani wa ofisi alisimama mbele ya kamiyo, mikono juu, akilia kwa sauti, "Karatasi! Karatasi iko wapi?" Nikamzunguka. Tulimlaza Augusti juu ya magunia ya pamba, mke wake akakishika kichwa chake.

Tulipita kijiji cha Lusangi maji yakiwa mazuri bado. Kila shimo barabarani nilimsikia Augusti akivuta pumzi kwa meno, na kila mlima niliisikia pompi. Sikujua nisikilize nini. Nikienda haraka namuua, nikienda polepole namuua vilevile.

Tulipomaliza kilima cha pili baada ya Lusangi, chuma kililia kwa nguvu, mvuke ukaruka mbele ya kioo. Nilizima kabla feni haijafika kwenye radiateri. Ulibaki upana wa kidole.

Mama Feza alichungulia. "Imekufa?"

"Bado."

"Basi kwa nini tumesimama?"

Nilifungua boulon nne, zile skrubu nene zinazoishika pompi, nikaitoa pompi ingali moto, ikanichuna vidole. Kamba ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki unga mweusi. Pete ya shaba ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Nilihitaji ngozi ya kujaza pete, na nyuzi za kuziba. Garaji ilikuwa mbali. Nikapanda nyuma.

"Muganga, nisaidie mukaba wako."

Akaufungua mkanda kiunoni mwenyewe, bila kuuliza. Nilipomweleza juu ya kamba, alinyoosha kidole kwenye mfuko wake wa kazi. "Kuna bendeji. Na vazilini. Chukua yote."

Nilikata ukanda wembamba wa ngozi, nikaulainisha kwa mafuta ya mawese aliyokuwa nayo Mama Feza kwenye chupa, nikauvika ndani ya pete. Bendeji niliisokota mpaka ikawa kamba ngumu, nikaipaka vazilini, nikaizungusha kwenye mti kwa kufuata upande ambao mti unazunguka, maana ukikosea upande inajifungua yenyewe. Nati nikaikaza kwa mkono tu, kisha robo ya mzunguko kwa ufunguo. Ukiikaza kwa hasira, inaungua. Boulon moja iliniteleza, ikaanguka kwenye majani, nikaitafuta kwa magoti. Mama Feza alishuka na madebe, akaenda mtoni chini ya kilima, akarudi mara mbili na maji.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Masaa mawili na nusu yamepita tangu tusimame," akasema Augusti kutoka juu.

Ilishika. Tone moja moja lilikuwa likitoka, lakini ilishika, na tulifika hopitali ya Kasongo jua likiwa limegusa miti. Walimpasua jioni ileile. Docteur alikata kipande cha utumbo kilichokwisha kuoza. Akasema tungefika masaa mawili mapema zaidi, asingekata kitu.

Nilipelekwa jela siku kumi na nne, na fimbo nne, kwa kuchukua kamiyo bila karatasi. Administrata aliandika pia kwamba niliiharibu pompi kwa kuitia matambara. Chef wa garaji aliifungua pale Kasongo, akaiangalia bendeji ile muda mrefu, akaniuliza: "Kama unajua kazi hii, sababu gani haukuifanya mbele, kabla haijakufa?" Yeye peke yake aliuliza. Sikurudishiwa tena usukani mpaka Wabelgiji walipoondoka. Nilibaki fundi wa chini, nikizisikia kamiyo za wenzangu zikitoka nje ya mji, miguu ikiniwasha.

Augusti alipona, lakini hakupanda baiskeli tena. Walimweka Kasongo kwenye meza ya kugawa dawa. Vijiji vile alivyokuwa akivifikia vilikaa muda mrefu bila muganga. Jumapili moja nilikwenda kwake, nikamwambia yote: ofisi, kinyongo changu, maneno ya sokoni.

Alikuwa amefunua tumbo kunionyesha kovu; alishusha shati lake polepole, akalifunika.

"Maneno ya sokoni niliyasikia wakati uleule," akasema. "Nilicheka pamoja na wengine. Siku ile juu ya pamba niliyakumbuka."

"Na haukusema?"

"Ningesema pale njiani, ungefunga pompi vizuri?"

Mama Feza alileta chai. Tulikunywa. Niliendelea kwenda kila Jumapili, na hatukulitaja tena.

Sasa nimepumzika kazi, ingawa kupumzika kwenyewe sijakuzoea. Nakaa kidogo, nasimama, naenda barabarani kuangalia nani amekwama. Vijana wananiletea pikipiki zao na maneno mengi juu ya wakubwa wao: hawatoi pesa, hawatoi vyombo, hawajui kazi. Mara nyingi wanasema kweli. Administrata wangu alikuwa na kosa, na hata leo sijamsamehe. Lakini mimi nilikuwa na ufunguo mkononi, na asubuhi nyingi. Nawaambia: kinachovuja, kama unajua kukiziba, kizibe leo. Ukimaliza, nawa mikono, ndipo uende ukagombane na mkubwa wako.